Chemchemi ya Kwale katika Mlima wa Mtakatifu Katarina

Kati ya bara la Afrika na bara la Asia kuna nchi kavu yenye umbo la pembetatu, nayo inaitwa Sinai. Upande wa magharibi inapakana na mfereji na ghuba ya Suez, upande wa mashariki na ghuba ya Akaba, na ncha yake ya kusini inaingia katika Bahari ya Shamu. Ni sehemu ya nchi ya Misri, na eneo lake lote ni kilometa za mraba 60,000 hivi. Kusini mwake milima imesongamana kama ng'ombe waliolala zizini: milima ya mawe mekundu, isiyo na msitu wala nyasi. Jua likichomoza, mawe hayo huwaka rangi ya makaa. Likitua, hugeuka kuwa meusi, na baridi hushuka mara moja.

Ndiyo nchi tunayosikia habari zake katika masomo ya Kwaresima. Humo taifa la Israeli lilitangatanga miaka 40. Humo lilishikwa na kiu, likamnung'unikia Musa, hata Musa akaupiga mwamba kwa fimbo yake, na maji yakatoka. Maneno hayo tumeyajua tangu utoto, lakini kwetu Kongo ni vigumu kuyaonja. Mtu aliyezaliwa kando ya mto Lualaba, au ufukoni mwa ziwa Tanganika, huenda anaijua njaa. Kiu ya jangwani haijui. Kwa sababu hiyo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mwendo wa miguu tulioufanya katika milima ile, kwenda kwenye chemchemi moja ndogo sana, na mafundisho tuliyoyapata huko.

Monasteri na walinzi wake

Atokaye mji wa Kairo hupita chini ya mfereji wa Suez katika njia iliyochimbwa ardhini, kisha hufuata pwani kuelekea kusini, na mwishoni huingia milimani. Safari yote ni zaidi ya kilometa 400. Mwisho wa njia kuna bonde jembamba, na ndani yake monasteri yenye kuta nene kama ngome. Kaisari Yustiniani ndiye aliyeijenga, kati ya mwaka 548 na mwaka 565, mahali ambapo, kwa mapokeo ya wakristu wa zamani, Musa aliona kijiti kikiwaka moto bila kuteketea. Nyuma yake unasimama mlima wa Musa, wenye urefu wa meta 2,285.

Wamonaki wa hapo ni Waortodoksi wa madhehebu ya Kigiriki. Hata hivyo, Papa Yohane Paulo wa Pili alikwenda kuhiji kwao tarehe 26 Februari 2000, akasali pale kama mgeni mnyenyekevu. Monasteri ina jina la Mtakatifu Katarina, bikira wa Aleksandria, aliyeuawa kwa ajili ya imani, kwa mapokeo, mwanzoni mwa karne ya nne. Masimulizi yanasema kwamba malaika waliuchukua mwili wake, wakauweka juu ya mlima ulio karibu, ambao tangu hapo unaitwa mlima wa Katarina. Sikukuu yake ni tarehe 25 Novemba. Mwaka 1969 iliondolewa katika kalenda ya Kanisa lote, na mwaka 2002 ikarudishwa.

Wasomaji watauliza: ni nani aliyewalinda wamonaki hao katika jangwa kwa karne nyingi namna hiyo? Walinzi wao ni Wabedui wa kabila la Jebeliya, maana yake watu wa mlimani. Mapokeo yao yanasema kwamba Yustiniani alileta jamaa za walinzi na watumishi, wengine kutoka nchi za mbali upande wa kaskazini, wengine kutoka Misri yenyewe. Watoto wa watoto wao waliingia dini ya Kiislamu, lakini agano la wazee wao hawakulitupa. Hata leo wanafanya kazi monasterini na kuwaongoza wageni milimani. Ndani ya ukuta ule ule mnara wa kanisa na mnara wa msikiti vimesimama karibu karibu. Tuliviona kwa macho yetu, nasi tukawaza juu ya majirani wa kwetu wanaogombana kwa sababu ndogo zaidi.

Mlima unavyoficha maji

Mlima wa Katarina una zaidi ya meta 2,600. Hakuna mlima mrefu kuupita katika Misri yote. Kwa sababu ya urefu huo, wakati wa baridi theluji huanguka juu yake. Mvua ni haba, na inapokuja, mara nyingi huja kwa ghadhabu siku moja, ikateremka mabondeni kama mto, kisha miezi inapita bila tone. Lakini theluji huyeyuka polepole. Maji yake hupenya katika nyufa za mawe, yakashuka gizani mahali ambapo jua haliwezi kuyanyang'anya.

Kiongozi wetu alituonyesha jambo ambalo peke yetu tusingaliliona. Katika ubavu mwekundu wa mlima kuna mistari ya mawe meusi, mirefu, kama makovu. Zamani sana moto wa chini ya ardhi uliyeyusha mawe hayo na kuyasukuma katika nyufa, yakaganda. Sasa yamekuwa kama ukuta uliozikwa: maji yanayoteremka ndani ya mlima hufika pale, yakazuiliwa, yakakusanyika. Mbedui anayetaka kuchimba kisima hutafuta kwanza mstari mweusi. Hapo ndipo utakapokuta bustani zao, zilizozungushiwa ukuta wa mawe: milozi, mitini, mizabibu, mikomamanga, mizeituni. Mgeni huona jangwa tu. Mwenyeji huona ghala ya maji iliyofungwa, na ufunguo wake anaujua.

Mwendo wa mnyonge

Katika milima hiyo mgeni haendi peke yake. Sharti aandamane na kiongozi Mbedui. Kundi letu lilikuwa watu 11: mapadri wawili, masista watatu, mzee mmoja katekista, na vijana watano. Kiongozi wetu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye viatu vilivyochakaa. Padri mmoja aliyejua Kiarabu alitufasiria maneno yake, nayo hayakuwa mengi. Ilikuwa mwezi wa Septemba, na jua bado lilikuwa kali.

Saa 11 alfajiri, kabla ya kuondoka kijijini, kiongozi alitupanga mstari mmoja, akatuhesabu kwa kidole. Kisha akataka kuona chupa ya kila mmoja. Mwisho akamshika mkono mzee katekista, akamweka wa kwanza nyuma yake. Vijana walicheka kidogo, wakidhani ni heshima ya uzee tu. Kumbe ilikuwa hesabu. Mnyonge akiwekwa nyuma, hukimbia siku nzima kuwafuata wenzake. Wao wakipumzika humngojea, na akifika wanaondoka, hata yeye asipumzike kamwe. Akiwekwa mbele, kundi zima hutembea kwa hatua zake, na wote hufika.

Tulipanda katika bonde liitwalo la Arobaini. Njiani tulipita jiwe kubwa lenye nyufa, ambalo wakristu na waislamu wa huko wanaliheshimu, wakisema ndilo mwamba alioupiga Musa, na kila ufa ni wa kabila moja katika yale 12 ya Israeli. Hatukuja kuhukumu kama ni lenyewe. Tulisimama, tukafanya ishara ya msalaba, tukaendelea. Mbele kidogo tukafika kwenye monasteri ndogo ya Mashahidi Arobaini, katikati ya bustani ya mizeituni. Mtunza bustani alitutandikia mkeka kivulini, akatupa chai yenye majani ya harufu nzuri, na lozi mikononi. Bei hakuitaja, na tulipotaka kulipa aliweka mkono kifuani, akatikisa kichwa.

Kutoka hapo njia huacha bonde na kuingia katika ufa wa mlima. Hakuna kivuli. Mawe hulitupa joto usoni kama mdomo wa tanuru. Vijana wetu walikuwa wamekunywa kwa furaha tangu asubuhi, na kabla ya nusu ya mteremko ule chupa zao zilikuwa tupu. Mzee katekista aliwaona wakizigeuza chupa kinywani. Bila neno alitoa ya kwake, akampa wa kwanza, naye akampa mwenzake, na haikurudi. Yeye akaendelea kupanda, akisogeza shanga za rozari mkononi.

Baada ya muda tuliona shanga zimesimama. Mzee alikuwa ameegemea mwamba, uso umekuwa wa majivu, jasho baridi limemtoka, miguu inatetemeka. Sista mmoja, aliye muuguzi, alimshika mshipa wa mkono, akatutazama kwa wasiwasi. Hapo kila mtu alinyamaza. Nyuma yetu bustani ilikuwa mbali. Mbele yetu hatukuona ila mawe. Tulielewa ghafula jinsi watu wa Israeli walivyofikia kumlilia Musa, na hatukuwaona tena kuwa wapumbavu.

Kiongozi hakupiga kelele. Alimbeba mzee mpaka chini ya jiwe lililoinama, mahali penye kivuli cha upana wa mkeka. Akamlaza, akamwinulia miguu juu ya mfuko, akafungua vifungo vya shati lake. Kisha akatoa kibidoni kidogo ambacho hatukuwa tumemwona akikigusa tangu alfajiri. Alilowanisha kitambaa, akamfunika nacho kichwa na shingo, akamnywesha kidogo kidogo, kwa kifuniko, pamoja na chembe za chumvi. Ndipo akawachagua vijana wawili wenye nguvu, akakusanya chupa zote, akapanda nao haraka na kutoweka kati ya mawe.

Tulibaki tukisali. Mzee alifumbua macho, akamwambia kijana aliyekuwa akimpepea: "Mwanangu, usilie. Maji ni ya kunywewa." Kijana akajibu: "Papa, mbona hukusema?" Mzee akatabasamu tu.

Haikupita saa moja, tukasikia vicheko vya wale wawili wakishuka. Chupa zilikuwa zimejaa, nazo zilikuwa baridi mikononi kana kwamba zimetoka katika theluji.

Maji yana mwenyewe

Mzee alipopata nguvu, tulipanda wote polepole hata tukafika. Waarabu huiita chemchemi ya Shunnar, yaani chemchemi ya kwale wa milimani. Masimulizi mamoja yanasema kwamba wamonaki walipokuwa wakiuteremsha mwili wa Mtakatifu Katarina kutoka kileleni walishikwa na kiu, na ndege hao ndio waliowaonyesha maji. Msomaji akidhani ataona maporomoko kama ya kwetu, atashangaa. Ni shimo tu katika mwamba, na ndani yake maji machache, meupe, ya kimya, yanayorudi taratibu baada ya kuchotwa. Mama mmoja wa kwetu akiyaona angeuliza kama yanatosha kupika ugali wa jamaa.

Kijana mmoja alivua viatu, akataka kutumbukiza miguu yake iliyovimba. Kiongozi alimshika bega kwa upole, akasema neno. Padri akatufasiria: "Maji haya yana mwenyewe."

Kijana akatazama huku na huku, asione mtu wala nyumba. Akauliza: "Mwenyewe ni nani, Bwana?"

Kiongozi akajibu: "Ni yule anayekuja nyuma."

Kisha akatuonyesha desturi ya mahali pale. Hakuna aingizaye mkono wala chupa chafu. Maji huchotwa kwa kikombe kimoja safi, yakamiminwa. Anayetaka kunawa huchota na kwenda chini, mbali na shimo. Chemchemi haimalizwi hata siku moja: lazima yabaki maji kwa ajili ya ndege na wanyama, ambao hawana chupa. Kabla ya kuondoka, kila mtu huondoa jani, jiwe au takataka aliyoikuta. Akatuambia pia kwamba kabila lao lina sharti juu ya malisho: mabonde fulani hufungwa kwa muda, mbuzi wasiingie hata majani yaote tena, na mtu anayevunja sharti hilo huhukumiwa na wazee.

Ilipofika saa ya sala yake, alijitenga kidogo. Tulidhani atachota maji ya kutawadha. Hakuchota. Aliweka viganja vyake juu ya mchanga safi, akajipangusa uso na mikono, kama dini yake inavyomruhusu mtu pale maji yanapohitajika kwa kunywa. Nasi upande wetu tulisali Malaika wa Bwana. Tukawa pande mbili za mwamba mmoja, na maji katikati.

Ilibaki kupanda kileleni, kwenye kikanisa cha Mtakatifu Katarina. Hewa ikiwa safi, aliye huko juu huona ghuba zote mbili za bahari. Vijana walitamani sana. Mmoja akasema: "Papa katekista abaki hapa na Sista, sisi twende upesi na kurudi." Kiongozi akakataa. Akasema: "Nimehesabu watu 11 kijijini. Nitarudisha 11, tena pamoja." Hakuna aliyependa jibu hilo, lakini hakuna aliyeweza kulishinda. Tukateremka, mzee akiwa wa kwanza, na jioni tulipofika kijijini kiongozi akatuhesabu tena kwa kidole.

Na chemchemi zetu?

Wasomaji wapenzi, sisi Bwana Mungu alitugawia kwa mkono mwingine. Katika dunia yote hakuna mto unaomwaga baharini maji mengi kuliko mto wetu Kongo, isipokuwa mto Amazoni wa Amerika. Chini ya vilima vya Kivu, katika mabonde ya Katanga, chemchemi hutoka usiku na mchana bila kuombwa. Na bado katika nchi hii ya maji watoto wanakufa kwa sababu ya maji. Kipindupindu kinarudi tena na tena katika vijiji na miji ya kando ya maziwa yetu. Jangwani watu wanaweza kufa kwa kukosa maji. Kwetu wanakufa kwa kuyanywa.

Mara nyingi kosa haliko mbali. Huyu anafulia nguo juu ya mahali ambapo jirani anachota. Yule anamwosha mbuzi wake, au baiskeli, ndani ya chemchemi yenyewe. Mwingine amechimba choo mlimani, na maji ya mvua yanateremsha uchafu hata kwenye bidoni ya mwanawe. Kila mmoja husema moyoni: maji haya hayana mwenyewe. Kumbe anayekuja nyuma tunamjua kwa jina: ni binti yetu, anayetumwa alfajiri na kibidoni kichwani.

Kuitunza chemchemi hakuhitaji fedha nyingi. Juu yake uchimbwe mfereji wa kugeuza maji ya mvua. Pande zote ujengwe ua, mifugo isikanyage. Maji yapitishwe katika bomba lililozungushiwa mawe na simenti, ili mtu akinge bila kugusa chanzo. Vyoo viwe chini ya chemchemi na mbali nayo, hatua nyingi. Mahali pa kufulia pawe chini kabisa, na bidoni zioshwe ndani kila mara. Maji ya mashaka yachemshwe kabla ya kunywewa. Na miti ya juu ya chemchemi isikatwe, kwa maana kivuli na mizizi yake ndivyo vinavyoipa mvua nafasi ya kuingia ardhini.

Twajua kwamba kila mtaa una siku yake ya salongo. Basi, salongo ijayo wababa na wachukue majembe, vijana wa parokia wabebe mawe, na wanafunzi wafyeke njia. Waanze na chemchemi ile inayotumiwa na wengi, hata kama si karibu na nyumba yao. Wamama ndio wanaoijua kuliko wote, kwa sababu wanakwenda kila siku. Waulizwe wao kwanza mahali ambapo maji yanachafuka, na mfereji uchimbwe pale watakapoonyesha.